Soma kinoo kabla hujakigusa na msasa

Nimeletewa tena kinoo cha zamani, cha kunolea wembe wa kukunja, kilichopigwa msasa pande zote, hakina hata doa, na mwenyewe ananiuliza ni cha wapi. Wadogo zangu, nawapenda, lakini kwa hili mnanichosha. Jibu lilikuwa kwenye ile karatasi uliyoibandua.

1. Kabla ya maji na sabuni, kigeuze kinoo utazame ubapa wa chini, mbavu na ncha zote mbili. Escher, watengenezaji wa zamani wa vinoo huko Ujerumani, walibandika lebo kwenye mawe yao ya jimbo la Thuringia, na ile ndogo ya kwenye ncha ndiyo iliyotaja rangi: kijani-njano, kijani hafifu, kijani-buluu au buluu iliyokolea. Ikishatoka, hata mzoefu anabaki kukisia, na bei inaporomoka. Lebo chafu iache na uchafu wake. Msasa ni wa uso wa kunolea tu.

2. Usiloweke kotikuli. Jiwe hili la njano linatoka Ubelgiji, milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm. Tabaka lake mara nyingi ni jembamba na huvunjika upesi, ndiyo maana huegemezwa kwenye sleti, jiwe bapa la rangi ya buluu-kijivu. Mengine yameshikana na sleti tangu ardhini, mengine yamegundishwa na mafundi.

Kuna kijana mmoja, mkono wake kwenye wembe ni mtulivu kuliko wangu, alipata kotikuli ndefu iliyoganda mafuta ya miaka. Akaitia kwenye maji ya moto na sabuni, akalala. Asubuhi gundi imeachia. Alipolinyanyua lile tabaka la njano peke yake, likamkatikia mkononi. Alikuja kwangu na vipande amevifunga kwenye taulo, akaanza kuungama kabla hajaketi: mpaka kati ya njano na buluu aliuona, umenyooka kama umepigwa rula, akaupenda, hakujiuliza kwa nini umenyooka. Mpaka wa asili hupindapinda, rangi zikaingiliana. Ulionyooka hivyo, ushuku gundi. Nilimhurumia sana, maana jiwe lilikuwa zuri kweli. Kipande kirefu tulikibandika upya kwenye sleti kwa gundi ya epoksi, kidogo kikawa cha kusugua juu ya kinoo ili kitoe tope la kunolea. Kinachokata ni chembe za ganeti, madini magumu, nazo zimo jiwe zima, kwa hiyo kile kirefu kinamalizia wembe vizuri hadi leo. Yeye sasa hutumia kitambaa, maji ya uvuguvugu na mswaki laini, basi.

3. Kusawazisha uso wa kinoo: uchore mistari ya penseli, usugue kwenye msasa ulio juu ya kioo kinene mpaka mistari ifutike, kwa maji tele. Usisugue pakavu kamwe. Vumbi la mawe haya lina silika, na mapafu hayana vipuri.

4. Mafuta kwenye jiwe la Arkansas, kinoo cha Marekani, si ajabu, ndivyo lilivyotumika tangu zamani.

5. Acheni kununua cha tatu wakati cha kwanza hamjakijua. Kama jiwe la namba 1000, lile la chembe nene la kuanzia, halijakutanisha pande mbili za makali, hakuna Escher itakayokuokoa. Mgongo na makali ya wembe viguse jiwe pamoja, mkono mwepesi.

Na muuzaji mwombe picha za ncha zote mbili na ubavu, mchana, jiwe likiwa kavu na likiwa limelowa. Akikwepa, mwachie jiwe lake.