Harrier au Prado kwa kuvuta tela

Ukiuliza uchukue Toyota Harrier au Toyota Prado ya kuvutia tela, jibu ni Prado, mkuu. Kwa tela la tani moja na nusu na familia ndani, Harrier iache: haina chasisi ya kujitegemea (fremu ya chuma chini ya bodi), imetengenezwa kwa ajili ya lami na abiria. Prado ya toleo la 120 (2002 hadi 2009) imekaa juu ya chasisi, nyingi zina safu tatu za siti, na spea zipo mpaka wilayani. Tafuta ya dizeli, injini ya 1KD, ya cc 3,000. Ya petroli ya cc 2,700 inavuta pia, lakini kwenye mlima Kitonga utaikanyaga mpaka uionee huruma.

Ila 1KD ina ugonjwa wake: washa (pete za kuziba) za nozeli zinazopulizia dizeli zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), injini inakosa oili. Kabla hujalipa, fundi afungue sampu aangalie. Chujio la yangu tulilikuta limeziba nusu, jeusi kama lami. Na kama ni oto (gia zinajibadilisha zenyewe), nusa oili ya gia boksi. Ikinuka kuungua, ondoka hapo. Tela lenyewe liwe na breki zake, usitegemee za gari.