Maswali ya Wasomaji: Vumbi la Karatasi Kwenye Mtambo wa Kuua Vijidudu

SWALI: Kiwanda chetu hutengeneza karatasi ya vifungashio vya vinywaji. Baada ya kukatwa, karatasi hupita kwenye chumba cha miale ya elektroni inayoua vijidudu. Kila wiki tunafungua chumba na kukipuliza kwa hewa ya kompresa, lakini siku mbili baadaye vumbi jeupe limerudi mbele ya taa inayotoa miale hiyo. Je, tupulize kila siku?

JIBU: Hapana, na hata huko kupuliza kila wiki kuacheni. Hewa ya kompresa haiondoi vumbi, inalihamisha tu. Linajificha nyuma ya rola na kwenye mifereji ya hewa, na mtambo ukiwashwa linarudi kwenye karatasi. Isitoshe, dirisha la taa ni utando wa titani wenye unene wa maikromita chache, na ndani ya taa ni ombwe, yaani hamna hewa. Mpulizo wa karibu ukiutoboa, taa imekufa.

Zito zaidi ni usalama wa kifungashio. Elektroni zilizosukumwa kwa kilovolti 100 hupenya takribani maikromita 140 za maji, basi. Na sehemu ya nguvu hiyo huliwa na utando na hewa kabla ya kuifikia karatasi. Unyuzi mmoja wa karatasi una upana wa maikromita 20 hadi 40. Nyuzi kadhaa zikishikana zikawa kidonge, kijidudu kilicho chini yake kiko kivulini: kipimo cha dozi (kiasi cha miale) kitasoma sawa, na kijidudu kitabaki hai. Ndiyo maana hatukubali vumbi lihesabiwe kuwa suala la usafi tu.

Anzeni kwa kujua linakotoka. Simamisheni mtambo, kateni vipande vya selotepu vya sentimita 10, mvigandishe kwenye ukingo wa karatasi kabla ya kisu, baada ya kisu, baada ya kila rola na kwenye mdomo wa chumba. Vibandueni, mvibandike kwenye kadi nyeusi, mtazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Nyuzi ndefu zilizochanika zimetoka kwenye kisu. Unga mweupe laini ni madini yaliyopakwa juu ya karatasi, ama kaolini (aina ya udongo mweupe) ama kabonati ya kalsiamu. Chota kidogo ukidondoshee siki, kikitoa mapovu ni kabonati. Unga huo ukizidi baada ya rola fulani, rola hiyo haizunguki vizuri, inasugua. Vipande vinavyong'aa ni plastiki iliyokwanguliwa na kiongoza karatasi.

Mara nyingi jibu ni kisu. Visu vya mviringo vya juu na chini hupishana kwa milimita 0.5 hadi 1 hivi. Vikizidi hapo vinausaga ukingo. Fundi akiona mkato si safi huwa anavikaza, na kisu butu kikikazwa huongeza joto na vumbi. Noeni kwa kufuata mita zilizokatwa, si kwa kalenda. Selotepu itawaonyesha nyuzi zinaanza kuzidi baada ya mita ngapi.

Baada ya kisu, shughulikieni umeme tuli, maana ndio unaolishikilia vumbi kwenye karatasi. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 40 tatizo hukua. Uwekeni kati ya 45 na 55. Fimbo ya kuondoa umeme tuli ikae sentimita 2.5 hadi 5 kutoka kwenye karatasi, mahali ambapo karatasi iko hewani. Ikielekezwa mahali karatasi inapolalia rola ya chuma haitafanya kazi ipasavyo. Sindano zake hushika uchafu, zisugueni kila wiki kwa brashi laini, umeme ukiwa umezimwa. Mdomo wa kufyonza ufuate papo hapo, kabla chaji haijarudi. Kwenye bomba, hewa iende kwa mita 18 hadi 20 kwa sekunde. Ikipungua, vumbi hutuama kwenye kona, na vumbi la karatasi lililotuama linaweza kuwaka.

Kusafisha ndani kunabaki. Zimeni na kufunga umeme kwa kufuli, subirini ozoni (gesi kali ambayo miale huitengeneza hewani) itoke, tumieni kifyonza vumbi chenye filta ya HEPA, inayonasa hata chembe ndogo sana, kisha kitambaa kisichoacha nyuzi chenye isopropanoli (aina ya alkoholi) ya asilimia 70. Iacheni ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Utando wa titani msiuguse.

SWALI: Sisi, badala ya miale, tunaua vijidudu kwa beseni la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 35. Povu limeongezeka na nguvu ya dawa inashuka haraka. Je, ni vumbi?

JIBU: Inaelekea. Chembe za chuma, shaba au manganizi zinazosafiri na vumbi huivunja peroksaidi, na kabonati hupunguza asidi yake, hali inayoifanya isitulie. Pimeni msongamano katika nyuzi joto 20: asilimia 35 husoma takribani gramu 1.13 kwa mililita. Ukishuka, badilisheni dawa na kuosha beseni. Kuongezea dawa mpya juu ya tope la vumbi lililotuama ni kulilisha tope hilo. Filta na vitambaa vilivyolowa dawa visitupwe kwenye pipa vikiwa hivyo, kwani karatasi yenye peroksaidi ikikauka inaweza kuwaka yenyewe. Visuuzeni kwanza kwa maji mengi.

SWALI: Je, tuweke feni ya kufyonza vumbi ndani ya chumba chenyewe cha miale?

JIBU: Msiweke. Chumba hicho hulindwa na hewa safi inayosukuma kutoka ndani kwenda nje. Mkifyonza zaidi ya mnavyoingiza, hewa ya kiwandani itaingia pamoja na vumbi lake. Fyonzeni nje, kabla ya mlango, kisha mpitishe moshi wa majaribio kwenye mwanya wa kuingilia karatasi, mtambo ukiwa katika mwendo wake wa kawaida: moshi lazima usukumwe nje. Ukivutwa ndani, angalieni kwanza filta za hewa inayoingia, huenda zimeziba.