Dirishani, lakini roho juu

SWALI: Napenda kutazama nje ya ndege, ila bawa likianza kutikisika moyo unanipasuka. Nikae wapi?

JIBU: Chagua dirisha lililo mbele kidogo ya bawa. Hapo mtikisiko ni mdogo kuliko mkiani, na bawa halikuzibii ardhi. Kupinda kwa bawa kusikutishe, limeundwa lipinde. Gumu lisilopinda ndilo lingevunjika. Kale katundu chini ya dirisha nako si ufa: kanasawazisha hewa kati ya vioo na kupunguza ukungu. Muda mfupi baada ya kupaa, injini hushusha sauti (haizimiki!) na vibao vya nyuma ya bawa hurudi ndani vikinguruma. Ndege ikilala upande kukata kona, usitazame chini moja kwa moja. Kaza macho kwenye upeo.