Tatuu yangu ya siku 6 imevimba na inatoa usaha, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dokta. Nimechora tatuu kwenye mkono, juu kidogo ya kiwiko, leo siku ya 6. Siku mbili za kwanza ilikuwa inachoma tu kama mtu aliyekwaruzika, mchoraji akaniambia ni kawaida, nikatulia. Juzi ikaanza kuvimba, usiku inapwita mpaka silali, na pale penye mistari minene ya chini panatoka kitu cha njano kizito. Naipaka mafuta ya mgando mengi halafu naifunga nailoni isiingie vumbi. Rafiki yangu ana antibayotiki zilibaki alipougua kifua, nizinywe? Nyumbani hawajui, naogopa hata kwenda hospitali. Na mchoro wenyewe ndo umeharibika?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo nailoni itoe kwanza, sasa hivi, ndo urudi uendelee kusoma. Jasho na majimaji ya kidonda vikifungiwa humo kwenye joto na mafuta tele juu yake, bakteria wanapata kila wanachokitaka, na mchoraji akikufunga siku ya kwanza haina maana uendelee kujifunga mwenyewe wiki nzima.

Tatuu ni kidonda, tena kikubwa, maana sindano imetoboa ngozi mara maelfu na kupeleka wino kwenye tabaka la pili huko chini, kwahiyo siku mbili tatu za mwanzo kuvimba kidogo, joto, kuchoma na kutoa majimaji mepesi yaliyochanganyika na wino wala visikutishe. Baadae inakauka, inaanza kubanduka na kuwasha vibaya sana, na hapo pia ni kupona (usikune, usibandue magaga, yaache yadondoke yenyewe). Mimi naangalia mwelekeo, kila siku inatakiwa iwe afadhali kuliko jana. Yako ilitulia kisha ikageuka, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, inapwita, na kile kitu cha njano kizito ni usaha. Hayo ni maambukizi mwanangu, huo si muwasho wa kawaida, na unatakiwa uonwe na mtu wa afya leo au kesho asubuhi, usisubiri wiki iishe.

Wengi wanaambiwa waangalie wekundu halafu wanakaa wanasubiri wekundu ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri, unakuta ngozi imekuwa tu nyeusi zaidi au ya zambarau hivi, inang'aa, imekaza. Wewe nawa mikono, chukua mgongo wa kiganja uweke pembeni ya mchoro halafu uweke sehemu hiyohiyo kwenye mkono wa pili, tofauti ya joto utaisikia. Halafu chukua kalamu uchore mstari kufuata ukingo wa uvimbe, nje ya kidonda, uandike na saa. Ukikuta uvimbe umevuka huo mstari, au umepata homa, unatetemeka baridi, kuna michirizi inapanda kuelekea kwapani au kwapa lina tezi linauma, hapo ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, maana maambukizi yanaanza kusambaa.

Dawa za rafiki yako usiguse. Antibayotiki ya kifua si lazima iwaweze bakteria wa ngozi, ambao mara nyingi ni stafilokokasi au streptokokasi, na vidonge vilivyobaki havifiki hata dozi, utapunguza dalili siku mbili alafu irudi na nguvu. Ukienda kabla hujameza chochote daktari anaweza kuchukua usaha kidogo akapima ni nani hasa. Usikamue, usipake spiriti wala dawa ya meno wala ile krimu ya steroidi ya kuondoa vipele, hiyo inapunguza uvimbe kwa juu huku inashusha kinga ya ngozi. Kwa sasa osha taratibu na maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato mara mbili kwa siku, kausha kwa kugusagusa na karatasi laini safi, taulo la bafuni hapana, vaa nguo pana.

Wapo watakaosoma hapa na yao haitoi usaha ila inawasha tu. Ukiona vipele vidogo vimefuata mpaka wa pale ulipopaka krimu, hata nje ya mchoro, mshuku huyo krimu, acha kumpaka. Ikivimba rangi moja tu, hasa nyekundu, hiyo inaelekea ni aleji ya wino na inaweza kuja hata miezi au miaka baadae. Na vipele vinavyotokea wiki kadhaa baadae ndani ya rangi moja visipoisha visikae bila kupimwa: mwaka 2011 huko Rochester, jimbo la New York, watu 19 walipata hivyo kwenye rangi ya kijivu, na bakteria anayeitwa Mycobacterium chelonae akakutwa mpaka ndani ya chupa ya wino ambayo haijafunguliwa. Yaani mchoraji anaweza kuvaa glovu na kutumia sindano mpya na bado, na huyo bakteria dawa zake ni tofauti na za kawaida, ni za miezi.

Kuhusu nyumbani, daktari anatibu ngozi, ukiwa mtu mzima habari zako hapeleki kwa wazazi, kwahiyo mwambie ukweli wote, ulichora siku gani, umepaka nini, una aleji ya dawa gani, na kama una picha za kila siku kwenye simu muonyeshe. Mchoro wenyewe ukiwahi kutibiwa mara nyingi unabaki, labda mistari ile ya chini itafifia kidogo, lakini usiende kuirudia mpaka ngozi ipone kabisa, na hiyo ni miezi.