Matairi ya Lori Yanayofanana: Soma Ubavu Kabla ya Kulipa

Wewe unayeanza kazi ya kununulia malori matairi, kuna siku utaletewa mawili yaliyoandikwa 315/80R22.5, yote mapya, na moja litakuwa nafuu zaidi. Usianze na bei. Chuchumaa usome ubavu wote, pande zote mbili. Saizi inakuambia tu kwamba upana ni takriban milimita 315, kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, na ringi ni ya inchi 22.5. Haikuambii tairi litabeba nini wala linafaa ekseli ipi.

Mzigo ndio ninaoutazama kwanza. Karibu na saizi utakuta maandishi kama 156/150L. Hiyo 156 ni kilo 4,000 tairi likifungwa peke yake. 150 ni kilo 3,350 kwa kila tairi yakifungwa mawili mawili. L ni mwendo usiozidi kilomita 120 kwa saa. Tairi la pembeni yake linaweza kusomeka 154/150M: kilo 3,750 likiwa peke yake, na mwendo hadi kilomita 130. Ukiyafunga nyuma, mawili mawili, uwezo wao wa mzigo ni sawa. Mbele hali inabadilika: la kwanza linatoa kilo 8,000 kwa ekseli nzima, la pili 7,500. Kama ekseli ya mbele ya lori lako imepimwa kwa tani 8, hilo la pili halifai hapo hata ukipewa bure. Kuna matairi yenye alama zote mbili, moja ikiwa ndani ya mabano. Usichanganyikiwe, maana yake ni kwamba ukitaka mwendo wa juu zaidi, lazima upunguze mzigo. Na kilo zote hizo zinapatikana tu kwa upepo ulioandikwa ubavuni, ukipimwa tairi likiwa baridi.

Halafu tafuta herufi FRT. Wageni wengi huzipita, na hapa naomba uwe makini sana. Zinaonyesha tairi lililotengenezwa kwa ajili ya tela na ekseli zinazoburutwa tu, si ya usukani wala ekseli inayosukuma gari. Kwa macho, kashata zake, yaani michongo ya uso unaogusa barabara, za mistari iliyonyooka zinaweza kufanana kabisa na za tairi la mbele. Muuzaji akikuambia kwamba linaingia popote, muonyeshe herufi hizo.

Tarehe ni jambo la haraka. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ni wiki na mwaka: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona, geuza tairi.

Kina cha kashata kipime mwenyewe kwa kipimo cha kina. Tuseme moja lina milimita 15 na lingine 18, na nyinyi huyatoa yakibaki 3. La kwanza linakupa milimita 12 za kutumia, la pili 15, yaani robo zaidi. Gawanya bei kwa milimita hizo. Mara nyingine tairi lililoonekana ghali ndilo rahisi. Ila usiishie kwenye hesabu hiyo, kwa sababu mpira haulingani, na kashata nene za kazi ya tope na mawe hupata joto na kuisha upesi kwenye lami ya safari ndefu. Muulize dereva njia anayopita. Yeye anaijua kuliko wewe na mimi.

Ukinunua moja tu la kuliweka sambamba na lililopo, kumbuka kwamba watengenezaji wawili wenye saizi ile ile hawatoi kipenyo kile kile. Yajaze yote upepo sawa, kisha zungushia kila moja futi kamba. Mzingo ukipishana kwa zaidi ya milimita 20 hivi, kipenyo kimepishana kwa zaidi ya 6, na mimi siyafungi pamoja: kubwa litabeba mzigo wa mwenzake na kupata joto, dogo litakuwa linakwaruzwa barabarani. Hilo jipya lirudishe, au utafutie ekseli hiyo jozi nzima.