Nina miaka 34 na nahisi nina ADHD: nianzie wapi hapa Arusha?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Sakina, na ninapanga safari za wageni katika kampuni ya utalii. Mwalimu wa mwanangu wa darasa la pili ametuambia huenda mtoto ana ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na kutotulia. Nilipoanza kusoma kuhusu yeye, nikajikuta najisoma mimi. Nasahau kulipia viingilio vya hifadhi, barua pepe naziacha nusu, funguo natafuta kila asubuhi, lakini wageni wakiwa wengi nafanya kazi ya watu watatu. Nimejaza dodoso mtandaoni, alama zimetoka juu. Je, zinatosha? Kuna kipimo cha damu au picha ya ubongo? Ni lazima niende Dar es Salaam? Kazini niseme? Mume wangu anasema ni uzembe tu.

JIBU: Marahaba. Kipimo cha damu hakuna, na picha ya ubongo haionyeshi ADHD, iwe ya CT au ya MRI. Mtu akikuambia ulipie picha ili “athibitishe”, hela yako inakwenda bure. Ugonjwa huu unatambuliwa kwa historia: daktari anauliza, anasikiliza, anauliza tena, kisha anamuuliza mtu mwingine anayekufahamu.

Dodoso ulilojaza nadhani ni lile la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 18. Sita ya kwanza ndiyo ya mchujo. Ukiangukia upande wa dalili katika manne au zaidi, unashauriwa kumwona mtaalamu. Kazi yake inaishia hapo. Inakadiriwa kuwa katika kila watu wazima 100, wawili hadi watatu wana ADHD, ila wenye kusahau, kuchoka na kuruka kutoka kazi hii hadi ile ni wengi mno. Mama anayenyonyesha usiku kucha anaweza kupata alama kama zako. Mwenye sonona pia.

Swali linalowatenganisha ni hili: tangu lini? Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa mwaka 2013, unaotumiwa na madaktari wengi hata huku kwetu, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Mwongozo huo umeorodhesha dalili tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka. Mtu mzima anatakiwa awe na angalau tano katika kundi mojawapo, zimedumu miezi sita au zaidi, zinaonekana mahali pawili au zaidi (kazini na nyumbani, kwa mfano), na zinamharibia maisha kweli. Kwa hiyo kama usahaulifu wako ulianza ulipopandishwa cheo, au baada ya kujifungua, jibu litatafutwa kwingine.

Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kupanga foleni popote, umpigie simu mama yako au aliyekulea. Usimuulize “nilikuwa mtundu?” Wazazi wetu wengi watajibu hapana kwa kukulinda, hasa mtoto wa kike. Muulize mambo ya kushikika. Ukitumwa dukani, ulirudi na ulichotumwa? Masweta ya shule yalipotea mangapi? Nani alikusimamia ukifanya kazi ya nyumbani, na akiondoka ilikuwaje? Tafuta pia ripoti zako za shule ya msingi kama zipo kwenye sanduku. Maoni ya mwalimu kama “ana uwezo ila hayuko makini”, yakijirudia mwaka hadi mwaka, yana uzito kuliko dodoso lolote la leo.

Wasichana wengi hupitwa hapa. Mvulana anayepanda madawati anaonekana na kila mtu. Msichana aliyekaa nyuma akitazama dirishani hamsumbui yeyote, na kama ana akili na mama mkali, anafaulu. Mambo yanaharibika ukubwani, akiwa na ofisi, watoto na nyumba, na hakuna tena wa kumpangia siku. Kutotulia nako hubadilika: mtu mzima harukiruki, anahisi moto ndani, hawezi kukaa kikao kizima bila kuchezea kalamu. Na hilo la kung'ara msimu wa wageni halipingani na ADHD. Kazi ya dharura, yenye simu kumi na muda wa mwisho, humshika mtu wa namna hii; inayomshinda ni ile ya kimya kimya, kama kujaza hesabu za mwezi uliopita.

Kuhusu mume wako, mpeleke kliniki. Sisemi hivyo kumkomoa. Aliyekuona miaka yote ni shahidi mzuri hata kama hakubaliani nawe, na mimi binafsi namwamini zaidi shahidi mwenye mashaka kuliko yule aliyekwisha kushawishika.

Sasa, daktari makini hatakimbilia ADHD. Atakuuliza usingizi: unakoroma, unaamka na kichwa kizito? Atapima damu, siyo kutafuta ADHD bali kuondoa vinavyofanana nayo: upungufu wa damu, ambao kwa wanawake ni wa kawaida sana, na matatizo ya tezi ya shingo. Atauliza kama uliwahi kuumia kichwa. Kwa ajali za bodaboda tulizo nazo, swali hilo haliachwi. Atauliza kifafa, pombe, mirungi. Atachunguza sonona, wasiwasi uliopitiliza na baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka mno), kwa sababu kila moja inaweza kufanana na ADHD, na pia inaweza kukaa pamoja nayo. Ukikutana na mtu aliyekupa jibu kwa dakika kumi, awe amesema ndiyo au hapana, tafuta maoni ya pili.

Dar es Salaam si lazima. Kwa Arusha, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, uulize huduma ya afya ya akili. Wa Moshi waanzie Mawenzi. Kesi ikihitaji daktari bingwa, omba rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, ambayo kutoka kwako ni safari ya kilomita 80 hivi. Piga simu kwanza uulize siku za kliniki, na kama unatumia bima, fuata ngazi za rufaa, la sivyo unaweza kulipa mwenyewe. Ukifika mapokezi usiseme “nina ADHD”. Sema unachoshindwa, kwa mifano, na uwe umekiandika kwenye karatasi, kwa sababu nina hakika nusu utaisahau ukishakaa kwenye kiti. Wapo wahudumu ambao bado wanaamini huu ni ugonjwa wa watoto. Usibishane, waeleze kwamba tatizo lilianza utotoni na linaendelea, kisha omba kumwona mtaalamu.

Likithibitishwa, dawa zipo. Methylphenidate ndiyo inayojulikana zaidi, nayo iko chini ya udhibiti wa kimataifa wa mwaka 1971, kwa hiyo huandikwa na daktari na hufuatiliwa. Kabla ya kuianza unapimwa presha na mapigo ya moyo, na unaulizwa kama kuna ugonjwa wa moyo katika familia. Mwambie daktari pia kama una mimba au unaitafuta. Ipo atomoxetine, isiyo ya kundi hilo, inayochukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Kabla hujaanza, muulize daktari kama dawa anayokuandikia utaipata mfululizo. Usimwagize mgeni wako akuletee kutoka Ulaya, tafadhali. Najua wanaofanya hivyo. Dawa peke yake haipangi siku pia: tiba ya mazungumzo inayofundisha kupanga muda na kugawa kazi imewasaidia watu wazima wengi, na mwanasaikolojia anaweza kuianza nawe hata kama dawa haijapatikana.

Kuhusu mtoto, aende achunguzwe kwa historia yake mwenyewe. ADHD hurithiwa sana, hivyo wasiwasi wako una msingi, lakini yako isipothibitishwa haifuti yake, na yake haithibitishi yako.

Kazini, kwa sasa usitaje jina la ugonjwa. Jibu bado hujalipata, na ofisi zetu hazijazoea. Omba kinachokusaidia: kwamba maagizo ya malipo ya hifadhi yaje kwa maandishi, na mwenzako mmoja ayapitie kabla ya gari kuondoka. Bosi yeyote wa utalii aliyewahi kuona wageni wamekwama getini atakubali bila kuuliza sababu.