Wasomaji Wanauliza: Kutoka Sherehe ya Kijijini Hadi Jukwaani

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha sanaa hapa Mtwara kina wachezaji hodari wa ngongoti, na sasa tunaandaa tamthilia ambayo mhusika wake mkuu ni mnyama. Tumeona picha za vikaragosi vikubwa vya Mali, vikatuvutia mno. Je, tuanzie wapi, na ni haki kuchukua sanaa ya wenyewe tukaipandisha jukwaani kwetu?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, wako waliowatangulia katika njia hiyo. Mwaka 2004 kampuni ya Handspring ya Cape Town ilishirikiana na kundi la Sogolon la Mali, likiongozwa na Yaya Coulibaly, kuandaa tamthilia iliyoitwa Tall Horse. Kisa chake ni cha kweli: Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimtuma twiga awe zawadi kwa Mfalme Charles X wa Ufaransa, mnyama huyo akavuka bahari mwaka 1826, na mwaka uliofuata akatembezwa kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris, akifuatana na mtunzaji wake kutoka Sudan aliyeitwa Atir. Twiga wa jukwaani alikuwa na kimo cha mita 5 hivi, na waliomchezesha ni watu wawili waliokuwa ndani yake, wakitembea juu ya miti mirefu kama wafanyavyo wachezaji wenu. Kwa hiyo mna mtaji ambao wengine hulazimika kwanza kuutafuta.

Kabla ya kulitamani umbo, hata hivyo, tazameni namna kazi yenyewe inavyokwenda huko kwao. Katika eneo la Ségou, kando ya Mto Niger, wavuvi wa Kibozo na wakulima wa Kibamana huwa na sherehe ya sogo bo, ambamo mnyama mkubwa ni kiunzi cha fito kilichofunikwa kwa nguo au nyasi, chenye kichwa cha mti kilichochongwa, huku wachezeshaji wakiwa wamejificha ndani na vikaragosi vidogo vikichomoza mgongoni. Mnyama hasemi neno. Wanawake ndio wanaomwimba, na wapiga ngoma ndio wanaojibizana na hatua zake, kiasi kwamba bila wao hubaki mzigo wa fito unaosukumwa uwanjani. Waongozaji wengi wa kwetu huchonga kwanza, hufanya mazoezi miezi kadhaa, kisha huita wapiga ngoma wiki ya mwisho. Kwa maoni yangu hapo ndipo michezo mingi ya vikaragosi inapofia. Wapiga ngoma wawepo tangu siku ya kwanza, hata kama mnyama wenu bado ni ufito na kanga.

Jambo la pili ni kuamua kama wachezeshaji wataonekana. Mali huwaficha, ilhali katika bunraku ya Japani watu watatu hukishika kikaragosi kimoja mbele ya macho ya hadhira: mkuu wao hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Handspring walifuata njia ya kuwaonyesha walipotengeneza farasi wa tamthilia ya War Horse, iliyoanza London mwaka 2007. Mmoja husimama kando ya kichwa, wawili huwa ndani ya kiwiliwili cha henzirani, nao wakikunja na kunyoosha magoti kidogo kidogo, kifua cha farasi hupanda na kushuka. Hata mlio wake hutolewa na wote watatu kwa pamoja. Mtazamaji akishaiona pumzi hiyo, hawashughulikii tena watu. Anzeni na karatasi ya kaki: ifinyangeni iwe na kichwa na miguu, watu watatu waishike, na zoezi zima isifanye lolote ila kupumua.

Kuhusu haki, vikaragosi hivyo vina wenyewe. Vijijini ni vyama vya vijana vinavyovitunza na kuvicheza, na sherehe ya Markala, mji wa eneo hilo la Ségou, imo tangu mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Kujifunza ufundi wa kiunzi si wizi. Kunakili kichwa fulani pamoja na wimbo wake ni jambo jingine kabisa. Handspring waliwaita Wamali wenyewe wawe washirika wa kazi. Nanyi mkitaka kuingiza kinyago cha midimu cha Wamakonde, waoneni wazee kwanza, kwa kuwa kinahusiana na jando na si pambo la jukwaa.

SWALI: Mhariri, shule yetu ina ukumbi mkubwa. Vikaragosi vya nyuzi vitafaa?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, uzi ukirefuka huyumba, na mguu hufika baada ya mkono wako kuamuru. Wasisilia, watu wa kisiwa cha Sisilia huko Italia, walilikwepa tatizo hilo kwa fimbo za chuma: moja huingia kichwani, nyingine hushika mkono wa kulia wenye upanga, na ndiyo maana mapigano yao ni ya kishindo. Vile vya mji wao wa Palermo hukunja magoti na kuchomoa upanga. Vya mji wa Catania ni virefu na vizito zaidi, na magoti yake hayakunjiki. Tumia fimbo kichwani na mkono wa kulia, uzi uuache kwa mkono wa kushoto, na watazamaji uwaketishe karibu.